RUDI NYUMA, SHINGO-NDEFU

Sehemu ya tisa

"Mwambieni Noordin alete wazee wake!"

Hapo ndipo tulipomwacha Ilwad wiki iliyopita, amesimama katikati ya sebule ya shangazi yake, simu ameitupa mkekani, machozi yamemjaa na hataki hata moja lidondoke mbele ya watu. Nasikia wasomaji wangu mmegawanyika. Wapo wanaosema amechelewa mwaka mzima kuyatamka maneno hayo. Wapo waliomwita kigeugeu. Mimi simo katika ugomvi wenu, kazi yangu ni kuwaeleza yaliyofuata.

Na anayejiunga nasi leo asihangaike kuuliza jirani, maana kisa chenyewe si kirefu. Ilwad anafundisha Kiswahili katika shule moja ya wasichana hapa Garissa. Miaka mitatu iliyopita, ukame uliua ngamia wote wa baba yake Abdiqani, mchumba wake. Kijana akaenda pande za Lafey kuchunga ngamia wa watu ili naye apate wa kuanzia maisha. "Nisubiri," alimwambia, na Ilwad akasubiri. Mwaka wa kwanza Abdiqani alipiga simu. Mwaka wa pili alituma salamu kwa madereva wa malori. Mwaka wa tatu, kimya.

Kisha Jumatatu hii, kutoka nambari asiyoijua, ukaingia wimbo kwenye simu yake. Sauti ilikuwa ya Abdiqani. Kwa furaha Ilwad akaubonyeza papo hapo, mbele ya shangazi na majirani wanne, bila kuusikiliza kwanza peke yake. Wimbo ulikuwa wa Kisomali, nami nawageuzia kwa Kiswahili:

*Hoo, rudi nyuma, Shingo-ndefu, rudi nyuma,*
*hori hili si lako.*
*Waache wenye pupa wanywe,*
*wewe simama juani.*
*Usinililie, sitakusikia,*
*mikono yangu ina wengine.*

Shingo-ndefu ni yeye Ilwad. Abdiqani alimpa jina hilo siku ya kwanza walipoonana, na huku kwetu msichana akifananishwa na ngamia hutabasamu, hapigi kofi. Lakini Jumatatu hakutabasamu mtu. Mikono yangu ina wengine! Hata majirani walijifanya wanatazama dari.

Sasa tuendelee.

Ilwad alipotamka lile neno la kumkubali Noordin, mposaji wake, shangazi yake, Eedo Fartun, hakumpa nafasi hata ya kupumua. Alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia.

"Umesema mwenyewe! Majirani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Sikusema leo, Eedo."

"Nani kasema leo? Noordin anataka Alhamisi."

Ilwad akageuka. "Alhamisi hii? Si walisema mwezi ujao?"

"Walisema. Jana karudi safari, kabadilisha. Kanipigia asubuhi, anasema hata Jumamosi ni mbali."

"Haraka ya nini?"

"Mwanamume mwenye haraka, mwanangu, ni mwanamume mwenye nia. Yule mwingine amemaliza miaka mitatu ndipo akutumie habari kwamba usimame juani."

Ilwad aliingia chumbani, akafunga mlango, na hapo ndipo machozi yale yalipopata ruhusa.

Nisiwafiche, Noordin si mtu mbaya. Ni ofisa wa mifugo, mzaliwa wa Lafey, mpole, anayewaamkia wazee kwa mikono miwili na kukumbuka majina ya wajukuu wao. Wiki nzima iliyopita alikuwa huko kwao akichanja ngamia. Alimposa Ilwad mara mbili kwa adabu, na mara mbili akaambiwa asubiri. Ilwad alitamani apate hata kasoro moja ya kumchukia nayo, akakosa. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

Na mambo ya posa mnayajua. Wazee wa mvulana huja baada ya Alasiri, husema lililowaleta, na wenye binti hujibu. Wakikubaliana, mikono huinuliwa, Fatiha husomwa. Msemaji wa nyumba hii ni Adeer Barre, ndugu wa marehemu baba yake Ilwad, mtu ambaye hajalirudisha neno lake tangu aote ndevu. Fatiha ikishasomwa, Ilwad akigeuka atakuwa amemvua nguo Adeer wake mbele ya koo mbili. Kwa hiyo alikuwa na mpaka Alhamisi Alasiri, basi.

Jumanne aliipigia ile nambari mara tatu. Imezimwa. Akatuma ujumbe, *Abdiqani, ni wewe?* Ukabaki na tiki moja.

Jumatano alifundisha ushairi kidato cha tatu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, sisi tunajuaje mshairi alimaanisha nini?"

Ilwad akawaambia wafungue daftari waandike insha, kimyakimya, mpaka kengele ilie.

Alhamisi ikafika. Nyumba ilinuka udi, wali na kitunguu tangu asubuhi. Eedo Fartun alikuwa jikoni anahesabu sahani, mara akapiga ukelele.

"Maziwa ya ngamia! Nani kaleta maziwa ya ngamia? Wazee wa Lafey niwape maziwa ya pakiti?"

"Nitaenda mimi," akasema Ilwad, mtandio tayari begani.

"Wewe? Mposwa aende sokoni?"

"Nimepakwa hina, Eedo, sijatiwa pingu."

"Rudi kabla ya Alasiri!"

Ukweli ni kwamba hakutaka maziwa. Alitaka hewa.

Soko la maziwa halina adabu ya kumwachia mtu huzuni yake. Akina mama wanaitana, madebe yanagongana, mbuzi wanapita katikati ya biashara za watu. Ilwad akaenda kwa Arbia, kwa kuwa Arbia ndiye Eedo anayemwamini. Huyu ni mama wa miaka kama thelathini na mitano, hutoka Bura kila alfajiri na madumu yake, na kicheko chake husikika kabla hujamwona. Kabla ya kuolewa alivuta maji visimani pamoja na kaka zake, na mikono yake bado inaonyesha.

Wakati huo alikuwa akibishana kwa Kiswahili na muuguzi mmoja kutoka bara.

"Maziwa hii ni ya asubuhi, walahi! Hiyo harufu ni moshi, si uchafu. Sisi nafukiza chombo. Wewe onja bole bole, kama ni mbaya niachie."

Muuguzi akaonja, akaonja tena, akaondoka na lita mbili. Arbia akamgeukia Ilwad kwa Kisomali.

"Abaayo, dada yangu, nasikia leo unaposwa. Mbona uso umeuacha nyumbani?"

"Nipe lita kumi tu, Arbia."

Arbia akaanza kumimina. Ilwad akakaa juu ya kreti, akatoa simu. Alikuwa ameamua kuufuta ule wimbo kabla hajarudi nyumbani, maana si vizuri kuingia kwa mwanamume mmoja na sauti ya mwingine mfukoni. Lakini mnamjua binadamu. Anayefuta hutaka kusikia mara ya mwisho. Akaubonyeza, sauti chini.

*Hoo, rudi nyuma, Shingo-ndefu...*

Mkono wa Arbia ukasimama hewani na dumu lake.

"Nani anakuimbia hivyo?"

"Hakuna mtu. Naufuta."

"Usifute! Rudisha mwanzo, ongeza sauti."

Ilwad akaurudisha. Arbia akasikiliza amefumba macho, kichwa kinayumba, na ulipoisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Unacheka nini? Mtu ananifukuza, na wewe unacheka?"

"Anakufukuza? Abaayo, umewahi kunywesha ngamia?"

"Mimi ni mwalimu."

"Sikuuliza kazi yako."

"Sijawahi," akakiri Ilwad. Alizaliwa Garissa mjini, na maji aliyajua kwa mfereji.

Arbia akaweka dumu chini. Akayapanga madumu matano ya njano mstari mmoja, akavuta dumu la sita, jeupe, akaliweka nyuma peke yake juani.

"Haya, mwanafunzi, tazama. Hiki ni kisima. Hori la kunyweshea ni moja, ngamia ni wengi. Hawa wa njano wana pupa, wanasukumana, wanamwaga maji. Unawafanyaje?"

"Unawafukuza?"

"Unawanywesha kwanza, waondoke zao! Hao hawaimbiwi. Hao wanapata fimbo. Lakini kila mchungaji ana ngamia mmoja." Akaligusa dumu jeupe kwa kiganja. "Huyu humfungi kamba wala humpigi. Unamwambia rudi nyuma, anarudi. Anasimama pale juani na kiu yake, anakutazama tu. Sasa huyo ndiye anayeimbiwa. Unamwimbia ajue hujamsahau."

"Na kwa nini yeye ndiye awe wa mwisho? Si ndiye unayempenda?"

"Ndiyo kwa sababu hiyo! Maji ya kwanza yana vumbi na majani ya watu wote. Ukivuta sana ndipo yanapokuja ya chini, baridi, safi. Hayo humpi ngamia wa jirani. Na tena, kumwambia ngamia asubiri bila kamba, lazima uwe unamwamini. Mwingine atakimbilia kisima cha mtu."

Ilwad akasogeza kreti karibu.

"Anasema mikono yake ina wengine."

"Ina kamba ya ndoo! Huyu bwana anachunga ngamia wa nani?"

"Wa watu."

"Basi! Wa watu kwanza, wake baadaye. Anakueleza kazi yake, na wewe umekaa unalia."

"Na *usinililie, sitakusikia*?"

Hapo Arbia hakucheka. Akafuta mikono kwa kanga taratibu.

"Akilia huyo, moyo unakatika. Utampa zamu ya mwingine na kisimani kutatokea vita. Kwa hivyo unajifanya kiziwi. Mimi nilikuwa na wangu, nimewahi kujifanya kiziwi na huku nalia mwenyewe."

Ilwad akalitazama lile dumu jeupe. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, akaiogopa, kwa kuwa alikwisha kuizoea huzuni. Na nyuma ya furaha ikaja hasira, nayo ilikuwa na haki yake.

"Nimesimama juani miaka mitatu, Arbia. Mitatu! Ngamia wako angalau anakiona kisima."

"Hapo umesema kweli," akasema Arbia. "Ndiyo maana kuna ubeti wa mwisho."

"Ubeti gani?"

"Ngamia hasubirishwi bila kuambiwa mwisho wake. Ukifika mwisho wa wimbo unamtajia ndoo zilizobaki. *Bado kumi, Shingo-ndefu, kisha njoo.* Mchungaji asiyetaja ni mwongo, na ngamia wanamjua."

"Basi huyu ni mwongo. Hakutaja kitu."

"Lete hiyo simu."

Arbia akaibana sikioni, akausikiliza mwisho wa wimbo mara moja, mara mbili. Kisha akamwekea Ilwad simu sikioni.

"Usisikilize maneno. Baada ya maneno."

*...mikono yangu ina wengine.* Kisha kitu kidogo sana, chepesi. Kisha kimya.

"Umesikia? Amevuta pumzi. Mtu havuti pumzi ili anyamaze."

Ilwad alikuwa ameusikiliza wimbo ule mara thelathini, kila mara akilia kabla haujafika hapo.

"Umekatwa," akasema.

"Umekatwa. Na aliyeukata hana dini. Kwetu mtu akipewa wimbo aupeleke, ni amana. Hazidishi, hapunguzi. Heri upoteze begi la mtu kuliko ubeti wake. Piga hiyo nambari."

"Imezimwa tangu Jumatatu."

"Piga."

Akapiga. Imezimwa. Na kama kwamba walikuwa wamepanga, kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, na adhana ya Alasiri ikaanza.

Wakatazamana.

"Yallah!" akasema Arbia.

Ilwad akanyakua dumu la maziwa, akasimamisha tuktuk. Alipogeuka kuaga, akamkuta Arbia ameshakaa ndani.

"Wewe unaenda wapi?"

"Kwenu. Nimeianza hii hadithi, siiachi katikati."

Msomaji, mtu kama huyo utamwambia nini? Tuktuk ikaondoka. Ilikwenda vizuri mpaka kwenye kona, ikakutana na kundi la mbuzi wasio na haraka na mwenye mbuzi aliye na haraka kidogo kuliko wao. Dereva akapiga honi. Mbuzi wakamtazama. Arbia akashuka mwenyewe, akawapigia mluzi na kupiga makofi mara tatu, njia ikafunguka. Dereva akamuuliza kama ameolewa.

"Endesha!" wakasema wote wawili.

Nyumbani, kitu cha kwanza Ilwad alichokiona ni viatu. Jozi kumi na moja za wanaume, zimepangwa mlangoni. Wazee walikuwa wameswali msikiti wa jirani na wameshaingia. Eedo Fartun alimkamata barazani kabla hajafika penye pazia la sebule.

"Maziwa! Leta hapa. Na uso huo ukaunawe."

"Eedo, simamisha mambo."

"Nisimamishe nini? Adeer wako ameshajibu. Imebaki Fatiha."

"Ule wimbo haukuwa wa kunifukuza. Ni wa kusubiri, Eedo, ni wa mtu anayenipenda, ndivyo wanavyowaimbia ngamia wao—"

"Wimbo!" Eedo Fartun akashusha sauti, ikawa kali zaidi. "Ndani wazee wanataka kuinua mikono, wewe waniletea wimbo? Na huyu amefuata nini?"

"Maziwa," akajibu Arbia, akionyesha dumu.

"Eedo, nakuomba."

Shangazi akamtazama. Alikuwa amemlea tangu ana miaka sita, na ukali wake wote ulitoka katika kuogopa kumwona akizeeka mlangoni. Sauti yake ikalegea.

"Sikiliza, mwanangu. Haya, ni wa mapenzi. Nimekubali. Anakuja lini? Mapenzi bila siku ni upepo tu. Nitajie siku moja, mimi Fartun nitaingia mle ndani nivunje kikao chote kwa mdomo wangu. Siku moja tu."

Ilwad akafungua mdomo. Siku hakuwa nayo. Ilikuwa ndani ya ule ubeti, na ubeti ulikuwa na mtu asiyemjua.

Ndani, sauti ya Adeer Barre ikasikika. "Bismillahi, tusome."

"Ngoja kidogo, Barre." Huyu alikuwa Abshir, mjomba wa Noordin, ambaye kwa upenyo wa pazia Ilwad alimwona amekaa karibu na mpwa wake. "Dada yangu yuko Lafey, magoti hayakumruhusu kusafiri. Aliniapisha. Bila yeye kusikia Fatiha kwa simu, tusifungue mdomo."

"Ni haki yake," akasema Barre. "Noordin, mpigie mama."

Noordin akajikuna shingo. "Tutamweleza baadaye, Adeer. Amebadilisha laini, nambari yake mpya sinayo hapa."

"Iko wapi?"

"Kwenye simu yangu ya safari."

"Na simu ya safari iko wapi?"

Noordin akashika koti lake. "Mfukoni."

Wazee wakacheka. "Basi si uitoe!" akasema Abshir.

"Nimeizima."

"Iwashe! Kijana ana wasiwasi, jamani. Sote tuliwahi kuwa hivyo."

Noordin akaingiza mkono mfukoni mwa koti taratibu, akatoa simu ya pili, akabonyeza. Ilwad alimtazama kupitia upenyo wa pazia, akamwonea huruma. Alimwona ametoka jasho kwenye paji la uso. Alidhani ni furaha.

Nyuma yake, Arbia akamfinya kiuno.

"Piga tena."

"Imezimwa, Arbia."

"Simu haizimwi milele. Piga, mara moja ya mwisho."

Ilwad akapiga, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya duniani. Akaiweka simu sikioni, akangojea yule mwanamke wa mtandao amwambie tena kwamba mteja hapatikani.

Ikaita.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ikaita. Na mle sebuleni, wakati huohuo, simu ikaanza kulia.

"Alhamdulillahi!" akasema Abshir. "Mama mwenyewe kawahi! Lete hapa, niweke spika sote tumsalimu."

"Mjomba, usi—"

Lakini Abshir alikuwa ameshaipokonya na kubonyeza.

"Asalaam aleikum, mama!" wakasema wazee wote kwa pamoja.

Ilwad aliisikia salamu hiyo mara mbili. Mara moja ilipitia pazia. Mara ya pili ilikuwa sikioni mwake.

Ndipo akaelewa. Yule aliyetoka Lafey Jumapili. Yule aliyeona hata Jumamosi ni mbali. Eedo Fartun alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Ilwad alilivuta pazia, simu bado iko sikioni.

"Waaleikum salaam," akasema, na sauti yake ikatoka mlangoni na ikatoka mkononi mwa Abshir. "Mimi si mama. Samahanini, wazee wangu. Nimepiga kuuliza wimbo wangu uliobaki uko wapi."

Adeer Barre alikuwa bado ameinua mikono ya Fatiha nusu, akaishusha mapajani.

Noordin akasimama. Angeweza kukana. Angeweza kusema simu iliibwa, ikaazimwa, ikaharibika, na wazee wangemwamini yeye kabla ya msichana aliyeingia kwenye kikao cha wanaume. Alimtazama Ilwad, kisha akaitazama ile simu.

"Uko humo," akasema. "Niliukata mimi."

"Wimbo gani huo?" akauliza Barre.

"Ni amana, Adeer. Nilichanja ngamia kisimani kule kwetu. Mchungaji mmoja akaniomba nimrekodi, nimtumie mchumba wake Garissa. Akanitajia nambari kwa kichwa. Kabla hajafika katikati nikajua ni ya nani." Akamgeukia Ilwad. "Nilishindwa kuuzuia wote. Nikashindwa kuupeleka wote."

Nje, Arbia alisikika akifyonya kwa hasira. Ilwad alitaka kumtukana Noordin, akakuta anataka pia kukaa chini alie, kwa ajili yake mwenyewe, kwa ajili ya Abdiqani, na kidogo, Mungu amsamehe, kwa ajili ya huyu aliyesimama mbele yake.

Lakini Eedo Fartun hakuwa na muda wa kulia. Aliahidi jambo barazani, naye ni dada wa Barre. Akapenya katikati ya wazee mpaka mbele ya Noordin, mwiko bado uko mkononi.

"Hicho ulichokata. Kinataja siku atakayokuja?"

Noordin akatikisa kichwa kukubali.

"Itaje."

Hakumtazama Eedo. Alimtazama Ilwad.

"Ndiyo maana sikuweza kungoja Jumamosi," akasema. "Ni leo."